Mjomba Alivyofundishwa Kusubiri

Mdalasini unaoambuliwa mtini ukiwa mbichi haunukii kama ule wa dukani. Wa dukani umeshakauka na kuchoka, kazi iliyobaki ni kuipa chai jina. Ule mbichi, pale kisu kinapopita kati ya gome na mti na gome likaachia, hutoa harufu kali na tamu, yenye umajimaji ndani yake, inayoingia puani ikashuka hadi kooni na kukaa hukohuko. Ukishinda nayo kutwa, hata ugali wa jioni utaula ukidhani umetiwa viungo. Hiyo ndiyo harufu ya mwezi wa sita kwetu, kwenye miteremko ya Uluguru upande wa Kinole. Mvua za masika zinakuwa zimekatika, magome yamelainika, shule zimefungwa, na kila mtoto mwenye mikono miwili ana kazi. Wakubwa wanakata na kuambua, wadogo wanakwangua ngozi ya juu na kutandaza magome kwenye majamvi ili jua liyakunje. Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu ilikuwa kukwangua. Nilikuwa hodari kweli wa kukwangua. Najisifu kwa sababu karibu mambo mengine yote ya mwaka ule yalikuwa yamenishinda, hasa lile la kufungua mdomo.

Mimi na mama tuliishi kwa bibi mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa upande huu wa bonde, na nyumba ya mjomba Selemani, kaka yake mama, ilikuwa upande wa pili, tukitazamana kabisa. Tuliuona moshi wa jiko lake na kanzu yake ikiwa imeanikwa. Lakini kumfikia ilibidi ushuke hadi kijitoni, uvuke kwa kukanyaga mawe, halafu upande kilima kilichokuwa kinaniacha natweta. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kwa mjomba kupeleka neno tu. Watu wa milimani huitana. Ukitaka kumwambia mtu wa ng'ambo kwamba chakula kiko tayari, au kwamba mbuzi wake ameingia kwenye mihogo, unasimama ukingoni mwa uwanja, unazungushia viganja mdomo, unamwita. Na kuitana huko kuna utaratibu wake. Hata kama mbuzi anakaribia kuimaliza mihogo, salamu inatangulia. Mtoto hawezi kumrushia mkubwa habari bila shikamoo. Tena hupigi kelele. Mgeni wa mjini ndiye anayepiga kelele, na kelele zake zinaishia kwenye migomba. Bibi alitufundisha watoto wote kwa namna moja: vuta pumzi, itoe kidogo kwanza kama unapuliza makaa, halafu iachie sauti ipande juu ya hiyo pumzi, taratibu, ndefu, usiikate. "Mjombaaa... shikamooo!" Sauti ya namna hiyo inaelea, inafika ng'ambo ikiwa nzima, na baada ya kitambo jibu linarudi, "Marahabaaa!"

Mimi ndiye niliyekuwa mwita watu wa nyumba yetu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ilifika mbali, na haikuwahi kukwama njiani. Lakini mtu yuleyule niliyemsalimia vizuri akiwa ng'ambo, akishuka, akavuka kijito, akapanda na kusimama mbele yangu, maneno yalijifungia ndani. Ningeanza "Sh-sh-sh", kidevu kinatetemeka, macho yananitoka, mguu unapiga chini wenyewe, na ile shikamoo imekaa nyuma ya meno inakataa kutoka. Nilikuwa na kigugumizi tangu nianze kuunganisha maneno. Kwetu hicho ni kilema kigumu kukificha, maana kila njia ina mkubwa wake na kila mkubwa anasubiri shikamoo yake. Jina langu nalo, Mwanaidi, linaanza na midomo iliyofungwa, na midomo yangu ikishafungwa ilikuwa haifunguki. Nikajifunza vichochoro vya nyuma ya nyumba na vya katikati ya migomba. Nilijua ni saa ngapi wazee wanakwenda msikitini na ni saa ngapi njia ni tupu. Watu wakasema mtoto wa Hadija ana kiburi, na mama akawa anajibu kwa niaba yangu kila tulipoongozana.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bibi alishikilia kwamba nilitekenywa mno nilipokuwa mchanga, na mtuhumiwa alikuwa mama mdogo Tausi, aliyekuwa akinibeba siku hizo kabla hajaolewa na kuhamia Kihonda, mjini. Jirani yetu Mama Shabani alisema hapana, nilinyolewa kabla sijaanza kusema. Yeye huyo ndiye aliyeleta dawa ya mwiko: mtoto apigwe mgongoni kwa mwiko uliotoka kwenye ugali, ungali wa moto, akiwa hana habari, na kigugumizi kitaruka. Bibi, aliyenipenda kupita kiasi, alininyemelea asubuhi moja ninakunywa uji. Nilichosema baada ya kupigwa sitakiandika hapa, lakini kilitoka chote mfululizo, bila kukwama popote, na bibi akapiga vigelegele akidhani nimepona. Punde nikataka kumwomba maji ya kujisafisha, nikakwama kwenye neno la kwanza hadi akaenda kuyaleta mwenyewe. Nililia, naye akalia, kisha tukaanza kucheka, kwa sababu ugali ulikuwa umenigandia mgongoni na kuku walikuwa wananifuata kuudonoa.

Yote hayo ningeyavumilia. Lililonitisha lilikuwa shule. Mwalimu wetu wa darasa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wengi na kipimo kimoja cha kumjua anayejua kusoma: simama mbele, soma kwa sauti. Nami nilijua kusoma. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua, nilisoma maandishi ya mifuko ya mbolea, na kitabu cha darasa nilikuwa nimekimaliza kimoyomoyo kabla wenzangu hawajafika katikati. Lakini mbele ya darasa nilifunga midomo kwenye neno la kwanza, wenzangu wakacheka, mwalimu akasema kaa. Siku ya kufunga shule alimwita mama akamwambia kwamba Mwanaidi hajui kusoma. Shule ikifunguliwa angenipa nafasi moja ya kusoma mbele ya wenzangu. Nikishindwa, ningerudishwa darasa la kwanza nikaanze na herufi. Darasa la kwanza! Kule alikuwepo Shabani, mtoto wa jirani yetu, ambaye bado alikuwa anavalishwa kaptula na mama yake. Tulipofika nyumbani mama alikaa kizingitini akiwa hajabadili hata kanga ya kutokea. Mimi nikaapa moyoni kwamba nikirudishwa, shule siendi tena, nitakwangua mdalasini mpaka nizeeke.

Kwetu Waluguru neno la mjomba ni zito. Ukoo tunaufuata kwa mama, mashamba yanatoka kwa mama, na kaka wa mama ndiye anayesema watoto wa dada zake wafanye nini. Mjomba Selemani aliipenda kazi hiyo. Alikuwa mfupi, mkakamavu, mwenye haraka na kila kitu. Alikula haraka, alitembea haraka, na hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake, kwa sababu alikumalizia. Ukimwambia, "Mjomba, leo nimeona...", yeye huyo, "Nyoka! Mmemuua?" kumbe umemwona fundi wa paa. Watu walitania kwamba hata imamu, akitua kuvuta pumzi katikati ya hotuba, anakwepa kumtazama Selemani. Na mjomba huyo, peke yake katika ukoo mzima, hakuamini kwamba nina kigugumizi. Ushahidi wake ulikuwa masikio yake mwenyewe.

"Mama, mtoto huyu ananisalimia kila asubuhi kutoka huku," alimwambia bibi, "shikamoo imenyooka, haina kona. Nikija hapa uso kwa uso, ananitafunia maneno. Hayo si maradhi, hiyo ni dharau. Mdomo si ni uleule?"

Hilo liliniuma kuliko mwiko. Ni kweli, mdomo ulikuwa uleule. Nilianza kujiuliza kama labda nafanya makusudi bila kujijua, na usiulize mtoto wa darasa la tatu anateseka vipi na swali la namna hiyo. Nilikuwa nikikwangua magome huku nikiyajaribu maneno chini kwa chini, nikiyaviziavizia nione ni wapi ninapodanganya.

Mama mdogo Tausi ndiye aliyetuletea habari. Alikuja kutoka Kihonda kusaidia kazi ya mdalasini, na katika mazungumzo ya majamvini akasimulia kwamba alipompeleka mwanawe hospitali mjini, masikio yakitoa usaha, alimkuta mtaalamu aliyetoka Dar kwa miezi michache. Kazi ya mtaalamu huyo, alisema, ni kupima watu kusikia na kuwasaidia wanaopata shida ya kusema.

"Kuna watu wamesomea kusema?" bibi akauliza.

"Wamesomea, mama. Chuo kabisa."

Bibi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Yeye alidhani kusema ni kitu ambacho Mungu anakupa pamoja na meno. Lakini mama hakucheka. Alinyanyuka palepale, akasimama ukingoni mwa uwanja, akamwita kaka yake ng'ambo ya bonde, kwa shikamoo iliyonyooka na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mjomba alikuja, akasikiliza nusu, akamalizia nusu iliyobaki mwenyewe, akakataa. Hospitali ni ya wagonjwa. Mama akamjibu kwamba safari hii hamwombi ruhusa, anamuaga tu. Mwishowe mjomba akasema basi vizuri, tutakwenda, na yeye atakuwepo, ili amweleze huyo daktari ukweli asije akadanganywa na mtoto.

Tulishuka na lori la ndizi, mama na mimi juu ya mikungu, mjomba mbele na dereva akimmalizia hadithi zake. Mtaalamu tuliyemkuta alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye koti jeupe na ushungi wa kijani. Alimwamkia mjomba, akajitambulisha kwa jina la Rehema, akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya usemi, halafu akainama hadi macho yetu yakawa sawa na kuniuliza jina langu.

"Mwanaidi," akasema mjomba.

"Asante baba. Nilikuwa namuuliza yeye."

Nikafunga midomo kwenye herufi ya kwanza, na mlango ukagoma. Nilisubiri yale ya siku zote. Watu hutazama chini, au hutabasamu kwa huruma, au husema tulia, vuta pumzi, sema polepole, kana kwamba sijawahi kuyafikiria hayo. Dada Rehema hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama machoni kama mtu anayesikiliza jambo linalomhusu, uso wake umetulia, na muda haukuonekana kumuuma. Kidevu kilitetemeka, mguu ukapiga sakafu, mama akafumba macho, mjomba akakohoa kwa dhiki. Jina likatoka. "Mwanaidi," akarudia, "nimefurahi kukufahamu." Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kunisubiri hadi mwisho wa jina langu, na nilimpenda mtu yule hapohapo.

Alianza na masikio. Alisema mtoto anayeshindwa kusema vizuri apimwe kwanza kusikia, kwa sababu wengi wanaodhaniwa wazito au watundu kumbe hawasikii sawasawa. Alinivalisha visikizio vikubwa, akanipa maharage na kopo, na kila niliposikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu, nilitakiwa kutia harage moja. Ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote niliyowahi kucheza. Mjomba akataka naye apimwe. Akaelekezwa anyanyue mkono akisikia mlio, naye kwa kutotaka kushindwa na mtoto akawa ananyanyua mkono muda wote, hata pale mashine ilipokuwa imezimwa. Dada Rehema akamwambia kwa adabu kwamba masikio yake yana bidii sana.

Masikio yangu yalikuwa mazima. Hapo mjomba akaona nafasi yake imefika. Akakaa mbele kwenye kiti, akatoa mashtaka yake yote: kwamba mtoto huyu anajua kusema, kwamba kila asubuhi anaita kutoka ng'ambo hadi ng'ambo bila kukwama, bonde zima ni shahidi, na kwamba uso kwa uso ndipo anapoanza vituko. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilijua sasa imekwisha, nitafukuzwa, na shule ikifunguliwa nitakaa na Shabani. Lakini Dada Rehema alikuwa ameacha kuandika na anamtazama mjomba kwa furaha.

"Baba, rudia hapo. Anaitaje? Anaanzaje?"

Mjomba, akiwa amechanganyikiwa kidogo, akamwonyesha. Akazungushia viganja mdomo, akavuta pumzi, akaipuliza kidogo kwanza, akaiachia sauti. Hospitali nzima ilisikia. Muuguzi alifungua mlango, akaona mzee wa heshima anamwita mtu asiyekuwepo, akaufunga.

"Hicho ulichofanya," alisema Dada Rehema, "ndicho ninachowafundisha watu wenye kigugumizi. Pumzi itangulie, sauti ifuate taratibu, neno lisianze kwa nguvu. Kumbe kwenu mnawafundisha watoto tangu wadogo. Mdomo ni uleule baba, umesema kweli. Ila kule ng'ambo anaanza kwa pumzi, na hakuna anayemharakisha."

Alitutoa uani. Mjomba alitumwa hadi langoni, karibu na tangi la maji, nami nikabaki barazani. Niliambiwa nimwamkie kama nyumbani. Nikaita, na sauti ikaenda ikafika. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka, na bibi mmoja aliyefungwa mguu akaitikia marahaba yeye. Kisha Dada Rehema akamwita mjomba asogee kidogo, nami niite tena, sauti ipungue lakini pumzi ibaki ileile. Akasogea tena. Akasogea tena. Nilikuwa naogopa kila hatua yake, kwa sababu nilijua mahali fulani maneno yatajifungia. Mjomba alifika mbele yangu, karibu kiasi cha kunusa mdalasini kwenye shati lake. Nikatoa pumzi. "Sshhikamoo, mjomba," nikasema, ndefu, ya kivivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini, lakini nzima. Mjomba alisahau kuitikia. Alinitazama, akamtazama mama, akavua kofia na kuivaa tena, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Dada Rehema hakutuahidi muujiza. Alisema kigugumizi si dharau, si woga, si matokeo ya kutekenywa, na wala mtoto hakichagui. Alisema hii mbinu itanisaidia, na kwamba siku nyingine nitakwama tu, na kukwama si kosa. Kosa ni kuacha kusema. Alinipa mazoezi ya kufanya. Halafu akamgeukia mjomba na kumpa yake, ambayo yalikuwa na neno moja tu: subiri. Usimmalizie neno. Usimwambie atulie. Mtazame machoni, subiri mpaka amalize mwenyewe. Mjomba aliuliza kama hakuna dawa ya kunywa badala yake.

Nawaambieni, mazoezi yangu yalikuwa mepesi kuliko yake. Kila alasiri mjomba alivuka bonde, akaketi kwenye jamvi karibu yangu, nami nikatakiwa kumsimulia siku yangu. Nikikwama, aliona neno lile waziwazi mbele yake, na mwili mzima ulimwasha kulitaja. Alijikuna. Alishika magoti. Mara mbili tatu lilimponyoka, bibi akamchapa kwa ufagio. Mwishowe aligundua njia: alichukua kipande cha mdalasini akakibana kati ya meno, na muda wote ninaposema hakukitoa. Kwa namna hiyo mjomba Selemani alisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake hadithi za watu hadi mwisho wake, na nafikiri zilimshangaza. Siku moja alimwambia bibi, "Kumbe mtoto huyu ana maneno ya kuchekesha." Maneno yenyewe yalikuwepo siku zote, ila yeye aliyakatiza njiani.

Shule ilipokaribia kufunguliwa alikwenda mwenyewe kwa mwalimu. Alimweleza yote aliyoyasikia hospitali, akamwambia, "Mwalimu, kusoma anajua. Anachohitaji ni muda. Nami najua ninachokuomba, maana nimefundishwa kusubiri ukubwani." Mwalimu alikubali kusubiri, lakini kusoma nilipaswa kusoma. Siku ilipofika nilitembea hadi mbele na kitabu. Dirishani nikaiona kofia ya mjomba, ambaye alidai baadaye kwamba alikuwa anapita tu.

Ilikuwa habari ya mbuzi aliyepotea. Sentensi ya kwanza nikaipulizia, ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilianza na neno "mwenyewe", midomo ikafunga, na darasa likaangua kicheko. Nilimwona mwalimu anafungua mdomo kunipa neno, kisha anaufunga tena. Akakunja mikono na kunitazama. Kimya chake kiliwanyamazisha wengine mmoja mmoja. Neno likatoka, limechanika, nikaendelea. Nilikwama tena, na tena, pengine hata pumzi haikusaidia kitu, nikapita hivyohivyo. Wenzangu walicheka, wakachoka kucheka, wakaanza kusikiliza kwa sababu walitaka kujua mbuzi amefika wapi. Kengele ya mapumziko ikalia nikiwa katikati ya ukurasa, watoto wakanyanyuka, mwalimu akasema, "Kaeni, hajamaliza." Nikamaliza. Akaniuliza maswali, nikajibu yote kwa kigugumizi na yote kwa usahihi. Akaniambia nikakae kwenye dawati langu, na habari ya darasa la kwanza haikutajwa tena. Nilipotoka nje nilimkuta mjomba amesimama chini ya dirisha. Alikuwa amekitafuna na kukimeza kipande kizima cha mdalasini.

Sasa naishi Kihonda, na kazi yangu, msicheke, ni kupokea simu kwenye ofisi ya magari ya mizigo. Bado nina kigugumizi. Nikikwama kwenye jina langu wateja husema, "Halo? Mtandao, mtandao!" nami huwajibu kwamba si mtandao, ni mimi, nakuja. Kijijini watoto hawaitani tena kama zamani. Mwenye simu anaandika ujumbe, na asiye na simu anaazima. Sina ugomvi na simu, zinanilisha. Lakini natamani wangeendelea kufundishwa kule kuita, hata kama hakuna mbuzi kwenye mihogo. Wataalamu kama Dada Rehema bado ni wachache, na hilo linanikasirisha, kwa sababu bado nakutana na mama anayeniambia mtoto wake ana kiburi, au amempeleka kwa mtu akakatwe kilimi ili aseme. Huwa naacha kazi yangu na kumwambia: apimwe masikio kwanza, kisha atafutiwe mtaalamu, na kisu kisimguse. Nalisema hilo kwa kigugumizi, na nimegundua kwamba linasikilizwa vizuri zaidi hivyo.

Mwaka jana mjomba alipata kiharusi. Mkono ulipona haraka, ulimi ukagoma. Tulimleta kwangu Kihonda ili awe karibu na hospitali, ambako kijana mmoja mtaalamu wa usemi alitueleza kwamba maneno ya mzee yapo, yote, ila njia ya kutokea imeharibika, inabidi itengenezwe polepole. Anamfanyisha mazoezi, na mjomba anayafanya kwa hasira, haraka haraka, kama alivyo. Nyumbani shida ilikuwa sisi. Kila alipofungua mdomo tulimkimbilia kwa maji, kwa mto, kwa dawa, kila mtu na neno lake la kumbandika, naye anatikisa kichwa mpaka anachoka na kunyamaza. Kwa wiki nyingi hakuwa amesema sentensi nzima, na macho yake yalikuwa yameanza kukata tamaa. Niliogopa kwamba tutamzoea akiwa kimya.

Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa mezani, mama, mama mdogo Tausi, mume wangu na mimi, mjomba kakaa kwenye kiti chake cha mwisho wa meza. Alionja chakula, akaweka kijiko, akaanza. "M... m... mch..." Mama akasema mchele, anataka wali uongezwe. Mama mdogo Tausi akasema hapana, mchuzi. Mume wangu tayari alikuwa amenyanyua bakuli. Mjomba akatikisa kichwa, jasho likimtoka.

"Mwacheni amalize," nikasema.

Tukakaa. Wali ulipoa. Nilimtazama machoni, naye akanitazama mimi peke yangu, na mkono wake ukawa unagonga meza taratibu kama mguu wangu wa utotoni. Nililiona neno waziwazi, limesimama pale mlangoni, na ulimi uliniwasha kulitaja. Sikulitaja. Mama alianza kulia kimyakimya. Mjomba akatoa pumzi, ndefu, na sauti ikaja juu yake.

"Mchicha... hauna... chumvi."

Mama mdogo Tausi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mume wangu alicheka huku anajifuta macho, na mjomba akaegemea kiti, ameridhika, anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi. Mchicha nilikuwa nimeupika mimi.